Farasi Aliyeacha Kuomba

Mawifi tuna sifa mbaya, na nyingine ni za kweli. Kwa hiyo ukinisikia namsifu wifi yangu, ujue nimejikaza kwanza.

Wifi ni dada mkubwa wa mume wangu, na anakaa chumba chetu cha uani. Kazi yake ni kupiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashine za mle zinanguruma kiasi kwamba humsikii hata aliyesimama begani kwako, basi wafanyakazi wanasomana kwa mabega na mikono. Wifi anajua nani hakulala, nani amegombana na mumewe, nani kesho ataomba ruhusa. Aliacha shule katikati ili mdogo wake aendelee kusoma. Yeye hajawahi kulisema hilo. Nililisikia kwa mama mkwe, siku alipokuwa na hasira na mwanawe.

Sasa mwanamke huyo, mvi zimeshaingia, akajiandikisha kusomea tabia za farasi. Ilikuwa kozi ya masafa, ya kusoma kwa simu ukishatoka kazini, na mkufunzi ambaye hujawahi kumwona ndiye anayekusahihisha.

"Dada, fimbo ya mbali haiui nyoka," mume wangu alimwambia. "Farasi utamsomea kwenye simu?"

"Kwenye simu nitasoma. Farasi nitamtazama wako."

Maana farasi tunaye. Anaitwa Shwari, na ndiye anayetulisha. Mume wangu humsimamisha kwenye lango la bustani ya mji, watoto wanapandishwa, wanapigwa picha, wazazi wanalipa. Sifa ya Shwari ilikuwa moja: hatikisiki. Mtoto atamvuta singa, atampigia kelele sikioni, honi zitalia barabarani, yeye kimya. "Huyu hata ukimzaba kofi, atakuomba radhi yeye," mume wangu alipenda kusema. Watu walicheka, wakaleta watoto. Hata mimi nilijivunia, kwa sababu chungu changu kilichemka kwa upole wa farasi yule.

Kazi ya kwanza aliyopewa wifi ilikuwa kumtazama farasi mmoja na kueleza hali yake. Siku zake za mapumziko akawa anakwenda kukaa kwenye benchi pale bustanini, akaandika kwamba Shwari ni farasi aliyeridhika na maisha, mwenye moyo mtulivu kuliko binadamu wengi. Alinisomea. Nikamwambia maksi zote ni zake. Mkufunzi akamrudishia bila hata maksi moja, ila swali: nzi akitua machoni pake, anafanya nini?

Wifi akarudi kwenye benchi. Safari hii nilikwenda naye, kwa umbea tu. Nzi walikuwa tele. Mmoja akatua kwenye kona ya jicho la Shwari, akatembeatembea pale atakavyo. Shwari hakupepesa jicho wala hakutikisa kichwa. Ngozi yake haikucheza, sikio halikugeuka. Wifi akanyanyuka kwenye benchi, tukarudi nyumbani.

Tulipokaa kula, akasema bila kuzunguka.

"Mdogo wangu, nimekosea, na wewe umekosea. Shwari si mtulivu. Zamani alikuwa anakataa, akaona hakuna anayemsikia. Sasa ameacha kuomba."

Mume wangu akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo mimi mtesaji? Namlisha, namwosha, fimbo yangu haijui!"

"Hujampiga. Lakini hujawahi kumuuliza."

"Farasi anaulizwa? Na hayo yote umeyajua kwa nzi mmoja?"

"Nimesimama kwenye pasi na watu miaka mingi," wifi akasema. "Mtu aliyeacha kuomba anasimama vilevile."

Sijui kwa nini, aliposema hivyo nilimtazama yeye, nikasahau habari za farasi. Mume wangu alitoka nje bila kumaliza chakula. Nami sitaficha, nilikasirika. Wifi alikuwa anatia mchanga kitumbua chetu, na kitumbua chenyewe ndicho hicho kimoja.

Kesho yake ndugu wale wawili hawakusemeshana. Lakini mchana nilipompelekea mume wangu chakula, nilimkuta amechuchumaa mbele ya uso wa Shwari, wateja wanamngoja, yeye anatazama nzi. Alinigeukia na uso ambao sikuwa nimeuona tangu msiba wa baba yake. "Mwambie dada aje anionyeshe la kufanya," akasema.

La kufanya lenyewe lilinipandisha mori zaidi. Kila asubuhi unamwonyesha farasi tandiko. Akigeuza uso, unaliweka chini, unasubiri, unamwonyesha tena. Akigeuza tena, siku hiyo hakuna kazi. Wifi alisisitiza kwamba hakuna kumlazimisha hata mara moja, kwa sababu ukimuuliza mtu halafu ukapuuza jibu lake, ni heri usingemuuliza.

Mwanzoni Shwari hakujibu lolote. Alitandikwa kama kawaida, akasimama kama kawaida. "Umeona?" mume wangu akatamba. "Amekubali."

"Hajakubali. Hajaamini kama anaulizwa."

Halafu asubuhi moja, tandiko likiwa mikononi mwa mume wangu, Shwari aligeuza uso. Aligeuza kidogo mno, kama anayejaribu maji ya moto kwa ncha ya kidole. Mume wangu akanitazama mimi, mimi nikatazama mlango wa jikoni. Akaliweka chini. Akasubiri, akalinyanyua tena, Shwari akageuza tena. Siku hiyo tulikula viporo.

Basi Shwari akaionja hapana, na akanogewa nayo. Siku mbili anakubali, moja anakataa. Wiki nyingine anakataa mfululizo, nami natukana kimoyomoyo mkufunzi, simu na aliyegundua farasi. Mume wangu alinuna, lakini tandiko aliliweka chini kila mara. Wifi naye akawa anachelewa kurudi. Niligundua kwa miguu yake iliyovimba kwamba anachukua zamu za ziada, na unga uliokuwa unajijaza wenyewe kwenye debe langu nikajua umetoka wapi. Hakuwa amesema neno.

Nilimfuata chumbani. Alikuwa kitandani, simu mkononi, mgongo umejikunja.

"Wifi," nikamwambia, "na wewe unataka nini?"

Alinitazama kama nimemsemesha lugha ya ng'ambo.

"Meza," akasema. "Nasomea kitandani, mgongo unaniuma."

Mume wangu alimtengenezea meza kwa mbao za banda, mguu wake mmoja mfupi kidogo. Akaileta mwenyewe, akaiweka chini ya dirisha, akashindwa kusema alichotaka kusema. "Inayumba," ndilo lililomtoka.

Siku ninayotaka kuisimulia, nilipeleka chakula cha mchana nikakuta langoni pana wateja wengi. Mbele yao alikuwa baba mmoja wa suti na mtoto wake. Mume wangu alikuwa amemwondolea Shwari tandiko apumzike; alipomwonyesha tena, aligeuza uso, akageuza tena. Mume wangu akaweka tandiko chini.

"Leo hataki, mzee. Samahani."

"Hataki?" yule baba akacheka. "Farasi ana kutaka?"

"Hata mimi sikujua."

Wakati huo wifi alikuwa anatoka zamuni, amevuka barabara, yumo njiani kuja langoni na sare yake. Shwari akanyanyua kichwa. Masikio yote mawili yakamwelekea yeye. Kisha akatoa mlio mrefu, wa kutetemeka, uliotoka ndani kabisa ya kifua, hata watoto wakarudi nyuma.

Mume wangu aliganda. Farasi yule tulimchukua wakati kifungua mimba wetu anatambaa, na sasa mtoto yuko shule. Siku zote hizo hatukuwahi kusikia sauti yake. Tulidhani ni adabu.

"Dada," akasema, "miaka yote hii alikuwa na sauti?"

"Alikuwa nayo," wifi akasema, akapita kwenda kwa Shwari.

Mume wangu akaketi juu ya tandiko pale chini, mbele ya wateja wake wote, akafunika uso kwa mikono.