Madaktari Waliofutwa

Mkaguzi kutoka wizarani hubonyeza kompyuta kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayemwamsha mtu mwenye hasira. Kila akikwama hupangusa miwani kwa ncha ya mtandio na kusema, "Hebu tuanze upya, mwanangu," na karani wa baraza la madaktari, aliyezoea wakaguzi wa kusaini na kuondoka, hajui acheke au aogope. Leo alimtafuta daktari aliyefutiwa leseni kwa kupasua wagonjwa akiwa amelewa. Kioo kikajibu: hana kosa. Akapangusa miwani, akaanza upya. Hana kosa.

"Mama, akishafutwa si daktari tena," karani akaeleza. "Na humu tunaweka makosa ya madaktari tu."

"Kwa hiyo mwenye kosa dogo yumo, mwenye kubwa katoka?"

"Ndivyo mfumo ulivyo," karani akasema, na kujisikia akisema hivyo kukamchanganya yeye mwenyewe.

"Na hospitali ikitaka kumwajiri, inamtazama wapi?"

"Humuhumu."

Kidole kikabaki hewani. Kisha mkaguzi akapiga simu nyumbani. "Mdogo wangu, yule daktari niliyekwambia juzi nimemtazama kwenye kompyuta nikamkuta msafi, keshamwingiza mama yetu chumba cha upasuaji?"