Mama Birika Amchagulia Bintiye Chuo

Kwa miaka kumi na minne Mama Birika aliwapikia chai waandishi wa habari, na kwa miaka hiyo yote hakuna aliyemwomba maoni yake kuhusu kazi yao. Hilo halikumzuia kuwa nayo. Chumba cha habari kilikuwa ghorofa ya pili, meza kumi na tisa zimebanana, nyaya zimetapakaa sakafuni, naye alipita katikati na sinia lake akisikia kila kitu: nani amelala badala ya kwenda mahakamani, nani ametia chumvi kwenye idadi ya watu waliohudhuria mkutano. Mhariri walimwita Bwana Saa Ngapi, maana hakuwa na salamu nyingine. "Saa ngapi napata habari yangu?" Basi. Hata kama umetoka kuzika.

Mama Birika alikuwa na daftari dogo alilolianzisha ili asisahau nani anakunywa chai kwa sukari ngapi. Kila muhula vyuo vilileta wanafunzi wa mazoezi, watano au sita, na kila mmoja aliandikwa humo. Mwanzoni sukari tu. Baadaye akaongeza chuo, na mbele ya chuo akaanza kuandika tabia, kwa sababu alikuwa na macho na hakuna aliyemkataza. "Vijiko viwili. Chuo cha Vioo. Anajipiga picha, hajui kuuliza." "Bila sukari. Chuo cha Juu ya Duka. Amempigia mjane mara mbili kuhakikisha umri wa mtoto." Majina hayo ya vyuo alibuni mwenyewe. Cha kwanza kilikuwa na jengo la vioo vitupu, cha pili kilipanga juu ya duka la vifaa vya ujenzi.

Basi binti yake alipomaliza shule na kutangaza kwamba anataka kusomea uandishi wa habari, Mama Birika hakushtuka wala hakuanza kuulizauliza majirani. Alikwenda kulitoa daftari.

"Juu ya Duka," alisema, akiligonga kwa kidole. "Watoto watano bora niliowahi kuwapa chai wametoka pale. Na ada yao ni chini ya nusu ya wenzao."

"Mama, rafiki zangu wote wanakwenda Vioo. Wana studio."

"Studio ni chumba chenye taa. Hata sisi tuna chumba chenye taa."

"Kwa hiyo unanichagulia maisha kwa vijiko vya sukari?"

"Nakuchagulia kwa watu waliovinywa," alisema mama, na hapo wote wawili wakacheka, ingawa binti alicheka kwa nusu mdomo.

Hali yenyewe haikuwa ya kuchekesha sana. Akiba ilikuwapo, Mama Birika aliiweka kidogo kidogo tangu mtoto yuko darasa la tano, lakini ilitosha kozi moja, mara moja. Akikosea chuo, hakuna fedha ya kujirudi. Binti angebaki na cheti kisichomfungulia mlango wowote, na mama angebaki na daftari lake.

Walianza na Vioo, ili kesho mtu asiseme upande mmoja haukusikilizwa. Ofisa wa udahili, kijana wa tai nyembamba, aliwapokea kwa maji baridi na maneno matamu. Akawaonyesha kamera, taa, na kiti kinachozunguka. Mama Birika akamwuliza: mwanafunzi akiandika uongo bila kujua, nani anamkamata? Kijana akajibu kwamba vifaa vyao ni vya kisasa kabisa. Akamwuliza mara ya pili, polepole. Kijana akawaonyesha kamera nyingine. Ada aliitaja kwa sauti ya chini, kama daktari anayetoa majibu mabaya.

"Umeona?" alisema mama walipofika barabarani.

"Nimeona," alisema binti. Jioni ile akaliomba daftari. Mama akampa, moyo ukiwa kwatu. Alijua ameshinda.

Siku ya tatu wakapanda ngazi za Juu ya Duka. Harufu ya rangi ilipanda nao kutoka chini, na mahali fulani mtu alikuwa anakata bati. Madawati yalikuwa yamechoka, ukuta una mabango ya mwaka juzi, lakini Mama Birika hakuja kununua ukuta. Akaingia kwenye foleni ya dirisha la malipo, mkoba kifuani, mbele yake watu wawili. Binti alibaki kwenye ngazi na simu sikioni. Vijana na simu, akawaza mama, hata leo.

Alipobakiwa na mtu mmoja mbele yake, binti alikuja mbio akamshika mkono.

"Mama, usilipe."

"Kuna nini tena? Rafiki zako?"

"Hapana. Nimewapigia wale watano uliowasifu. Namba nilipewa na karani wa kazini kwenu. Kila mmoja nimemwuliza nani hasa alimfundisha kazi. Wote wamemtaja mwalimu mmoja."

"Sasa si ndiyo vizuri?"

"Aliondoka hapa mwaka jana, mama. Wa tano ndiye aliyeniambia, sasa hivi."

Mama Birika alinyoosha shingo hadi dirishani na kumwuliza mhasibu. Mhasibu akakubali bila hata kupepesa: ndiyo, yule mwalimu alihama, lakini utaratibu ni uleule. Hapo ndipo Mama Birika alipowakumbuka wale wanafunzi wawili wa mazoezi wa mwaka huu. Walitoka Juu ya Duka vilevile. Mmoja alinakili habari ya redio neno kwa neno, mwingine aliandika habari ya ajali bila kufika kwenye ajali. Na yeye, kwa mkono wake mwenyewe, aliandika mbele ya wa kwanza: "labda anaumwa." Aliwatetea kwa sababu ya chuo chao. Miaka sita alikuwa akilisifu jengo, kumbe alikuwa akimsifu mtu.

Aliona aibu, tusifichane. Uso ulimwaka mbele ya foleni nzima. Aliufunga mkoba, akatoka kwenye mstari, na mtu wa nyuma yake akasogea mbele kwa furaha.

"Yuko wapi sasa, huyo mwalimu?" aliuliza walipofika chini.

"Chuo cha manispaa. Nyuma ya posta."

Kilikuwa nyumba ndefu ya chumba kimoja upana, viti vya kila rangi, feni moja inayozunguka ikijisikia. Ubao wa matangazo ulionyesha ada, imeandikwa kwa herufi kubwa mahali ambapo kila mtu anaiona, nayo ilikuwa chini kidogo ya ile ya Juu ya Duka. Mwalimu walimkuta katika chumba cha mwisho akisahihisha karatasi, mwanamke wa makamo mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine umesahaulika kichwani.

"Shikamoo, mwalimu," alisema binti.

"Marahaba. Karibuni, vuteni viti."

Mama Birika akakohoa kidogo. Maswali yake alikuwa ameyapanga tangu barabarani, kumi kamili. Binti akamgusa goti.

"Mama, naomba niulize mimi."

Na Mama Birika akanyamaza, jambo ambalo chumba kizima cha habari kingesimamisha kazi kulitazama.

Binti aliuliza darasa lina wanafunzi wangapi. Ishirini na sita. Nani anasahihisha kazi zao? Mwalimu akamsogezea rundo lililokuwa mezani: karatasi zimejaa mistari na maswali pembeni, "nani kasema?", "umehesabu mwenyewe?", "rudi ukamwulize." Mazoezi wanafanyia wapi? Akatajiwa magazeti mawili na redio moja. Kisha binti akavuta pumzi.

"Kule juu ya duka uliondoka, mwalimu, na wanafunzi wakabaki. Hapa je, ukiondoka?"

Mama Birika aliangalia sakafu. Swali hilo halikuwemo katika yale kumi.

Mwalimu aliweka kalamu chini. "Kule walinipa madarasa manne kwa wakati mmoja, nikashindwa kusoma kazi za watu. Ndiyo maana niliondoka. Hapa mkataba wangu umebaki miaka miwili na nusu. Kozi yako ni ya miaka miwili. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi kitu."

"Naweza kuuona?"

"Kuona nini?"

"Mkataba, mwalimu. Tarehe tu."

Mama Birika alitamani ardhi ipasuke. Mwalimu akapapasa kichwani akakuta miwani ya pili, akacheka, akafungua mtoto wa meza. Alifunika mshahara kwa kiganja na kuwaonyesha mstari wa tarehe. Binti akausoma hadi nukta ya mwisho, akashukuru, akasema yuko tayari kujaza fomu.

Fomu waliijazia dirishani. Karibu na mwisho paliulizwa: umekifahamuje chuo chetu? Chini yake kulikuwa na visanduku vitatu: tangazo, rafiki, mzazi. Kalamu ya binti ilisimama juu ya "mzazi". Akamtupia mama jicho.

Mama Birika alikitaka kile kisanduku. Alikitaka kweli, kwa ajili ya sinia, ngazi, na miaka yote ya kusikiliza kazi ya watu wengine. Angenyamaza tu, mtoto angekitia alama kwa mapenzi.

"Andika kilichotokea," alisema.

Binti akaviacha visanduku vyote vitatu wazi. Pembeni akaandika neno moja: niliuliza.

Karani wa dirishani aliigeuza fomu na kukunja uso. "Hiki kisanduku hatuna."

"Kiongezeni," alisema Mama Birika, na kufungua mkoba.