Saa ya Mwisho ya Mama Masikio

Chumba chake kilikuwa stoo ya madawati mabovu. Alibandika trei za mayai ukutani kupunguza kelele za uwanjani, akaweka kioo, kengele ndogo na boksi la picha zilizokatwa magazetini. Watoto walimwita Mama Masikio. Kwa miaka kumi na tisa aliwafundisha wenye kigugumizi na wanaosikia kwa shida katika shule ile ya serikali, ingawa kwenye karatasi za ajira aliandikwa mwalimu wa darasa la pili.

Kisha ikaja barua. Kazi hiyo sasa ilihitaji cheti cha utaalamu wa usemi na usikivu. Waliokuwa kazini tayari walipewa nafuu: wafaulu mtihani, halafu wafanye kazi saa arobaini mbele ya mtaalamu mwenye leseni. Ambaye hangekamilisha kabla ya shule kufungwa angerudi darasani, na chumba kingefungwa.

Mtihani alifaulu. Mumewe alimtania kwamba kumbe ameoa mwanafunzi uzeeni.

Mtaalamu aliyetumwa kuwa msimamizi wake alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, mpole, mwenye kalamu isiyotulia. Saa thelathini na tisa zilikwenda vizuri. Siku ya mwisho ya muhula ilibaki saa moja tu, ya kumpima msichana wa darasa la kwanza ambaye mwalimu wake alimwona mzembe.

Mama Masikio alitaja maneno kumi kwa sauti ya chini, na mtoto akaonyesha picha zote kumi. Msimamizi, macho yakiwa kwenye fomu, aliandika kwamba anasikia vizuri.

Ndipo Mama Masikio alipoona macho ya mtoto bado yako mdomoni pake. Kipande cha boksi cha kuficha midomo kilikuwa pale pale mezani, hakijaguswa. Miaka yote hiyo alikuwa amejizoeza kuwaonyesha watoto mdomo wake waziwazi, na mkono ulisahau kwamba kupima si kufundisha.

"Futa hiyo, mwanangu," alisema. "Sikufunika mdomo. Amenisoma midomo, hajanisikia."

"Mama, nikifuta, kipimo kimeharibika na saa haihesabiki. Na leo ndiyo mwisho."

"Najua. Ukiiacha, mwaka mzima ataitwa mzembe."

Msimamizi akapiga mstari juu ya alichoandika. Wakarudia, mdomo ukiwa umefunikwa. Mtoto alipata matatu. Mama Masikio akamwandikia barua ya kwenda hospitali kabla hajafunga dirisha.

Nilipokwenda kumtafuta niandike habari hizi, nilimkuta darasa la pili na watoto sitini na wawili, akingoja kikao kitakachoamua kama ataruhusiwa kurudia ile saa moja. Walimu wenzake humcheka wakati wa chai kwamba amejifukuza kazi kwa mdomo wake mwenyewe. Naye hukubali, anakoroga kikombe, kisha anauliza kama jibu la hospitali la yule mtoto limefika.