Karatasi ya USIGUSE

Leo nimeumbuka mbele ya mama, tena kwangu.

Alikuja jana kutoka Ngaramtoni. Nikabandika karatasi kwenye tanki la karantini, lile ninamomtenga samaki mgeni wa baharini kabla sijamchanganya na wenzake: USIGUSE. (Mama akiona uchafu hatulii.)

Asubuhi nakuta samaki anahema juu ya maji. Napima maji, amonia, sumu itokanayo na uchafu wake, imepanda.

"Mama, umegusa hapa?"

"Sijagusa. Wewe ndiye niliyekuona jana unasugua sponji yake bombani."



Bakteria wanaokula uchafu wa samaki wanaishi kwenye sponji ile ya kuchujia maji, na maji ya bomba yana dawa. Niliwaua mwenyewe, kwa usafi wangu.

Nikamweleza. Akacheka.

"Si kama mtindi tu? Mimi kibuyu sikimalizi, nabakiza wa jana ugandishe wa leo. Huna sponji nyingine chafu?"

Ninayo, kwenye tanki kubwa. Nikaihamishia pale, nikabadilisha nusu ya maji kwa maji mapya ya chumvi. Jioni samaki kala.

Mama hajawahi kuiona bahari.

Wafugaji wenzangu, msijifanye hamjawahi.

Karatasi bado ipo. Mama kaongeza jina langu kwa kalamu.