Chupa ya Jeli Kwapani

Mpiga picha wa ultrasaundi huibana kwanza chupa ya jeli kwapani ipate joto, ndipo aguse tumbo la mtu. Leo kitandani pake amelala mwalimu mwenye maumivu ya tumbo, bahasha ya vipimo vya miaka sita, vyote vikisema ni mzima, na mama mkwe huko nyumbani asemaye anadeka tu.

“Maumivu yanazidi lini, mwalimu?”

“Jioni, dada, nikishasimama darasani kutwa. Nikilala yanatulia.”

Akaguna. “Na sisi miaka yote tunakupima umelala! Hebu shuka, simama.”

Akapiga magoti, kifaa mkononi, akijisemea chinichini kama kawaida yake. Halafu akamgeuzia skrini: mishipa ya nyonga imevimba, damu imetuama ndani.

“Adui yako huyu hapa. Anatibika.”

Mwalimu akajifuta machozi. “Nichapie picha mbili. Moja ya daktari, moja ya mama mkwe.”