Mkebe wa Kisira Uwanjani Entebbe

Kabla ya kupanda ile ndege ndogo ya kutoka Arua kwenda Entebbe, abiria hupimwa kilo pamoja na mizigo yake. Nyanya yangu, ambaye sisi Wanubi tunamwita habuba, alipanda mizani akiwa amekumbatia mkebe wa chakula kama mtoto mchanga.

"Weka mkebe chini, habuba," nikamwambia, "wasije wakadhani kilo zote ni zako."

Alirusha kofi. Jicho lake moja lilikuwa limeshazimika na la pili lilijaa ukungu, hivyo kofi likanikosa mimi niliyestahili na kumpata begani mzee wa nyuma yetu.

Tulikuwa tunakwenda Nairobi, apasuliwe hilo jicho la ukungu. Safari ya kwanza, alipokwenda na mjomba, daktari alimrudisha nyumbani Koboko bila kumgusa kwa sababu sukari yake ilikuwa juu. Chanzo tulikijua wote. Pale Entebbe, wakingoja ndege ya pili, aligawa chakula chake chote kwa majirani wa benchi, kisha njaa ilipomshika akala keki mbili na soda. Safari hii shule zilikuwa zimefungwa, mama akanipa cheo: polisi wa mkebe.

Ndani mlikuwa na kisira, mkate wetu mwembamba wa mtama, majani ya kunde yaliyopikwa kwa simsim, na mayai mawili ya kuchemsha. Si chakula cha kumtoa mtu machozi ya furaha, lakini sukari inakiheshimu.

Angani habuba aliegemea dirisha. "Nje iko nini?"

Nje palikuwa na mawingu tu. "Ng'ombe," nikasema. "Weupe, wengi, wamelala."

Akatabasamu akiwa amefumba macho, nami nikaendelea kumhesabia ng'ombe mpaka karibu niwaone mwenyewe.

Entebbe, ukumbi wote ulikuwa kioo na mwanga. Sauti ya mwanamke asiye na mwili iliita watu waende miji ya mbali, taratibu, kana kwamba inatokea chini ya maji. Watu walilala wamekumbatia mabegi, viatu pembeni. Nilihisi nimeingia katika ndoto ya mtu mwingine, na mwenyewe hajaniona bado.

Habuba alikuwa amemeza kidonge chake cha sukari, kwa hiyo ilikuwa lazima ale. Mhudumu mmoja wa kike akamshika mkono kwenda kunawa. Nikaitumia nafasi hiyo kupita benchi letu: mama mwenye mtoto, mtawa, na kijana aliyevaa suti.

"Akiwakaribisha, msile," nikawanong'oneza. "Ameweka dawa ya minyoo. Inafanya kazi haraka sana."

Habuba akarudi, akafungua mkebe. "Karibuni, watoto yangu. Kisira iko."

"Asante, mama, tumeshiba," wakasema. Kijana wa suti akasogea kiti kizima.

"Hata mutu moja?"

Wakatazama sakafu. Habuba akaufunika mkebe polepole.

"Kula, habuba."

"Mutu inakula peke yake iko fisi."

"Mimi nitakula na wewe."

"Wewe iko wa nyumbani. Mugeni kwanza." Akaligusa lile jicho lililozimika. "Labda wanaona hii jicho yangu, wanachukia."

Mimi hucheka hata msibani, lakini pale sikupata cha kucheka. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo; sukari ilikuwa imeanza kushuka. Nikarudi kwa wale watu.

"Hakuna dawa," nikasema. "Niliwadanganya. Asipokula ataanguka. Na nyinyi mkimaliza chakula, atakula keki, na kesho daktari atamrudisha nyumbani tena. Nawaomba, kila mtu amege kipande kama ukucha tu."

Kijana wa suti alinitazama toka juu hadi chini. "Kumbe minyoo ni wewe."

Lakini walikuja. Kila mmoja akamega kidogo mno, akachovya kwenye kunde. Mtawa alitafuna kipande chake kwa muda mrefu na kwa sauti, ili habuba asikie. Naye aliposikia midomo ya watu ikienda, akakunja kisira yake na kula, akala mayai yote mawili, akalamba simsim vidoleni. Hakuna aliyetaja keki. Jasho likakauka, na ile sauti ya chini ya maji ikaita Nairobi.

Kesho yake sukari ilitulia mahali pake, na daktari akafanya kazi yake.

Tuliporudi, habuba alibandika paji la uso kwenye dirisha la ndege akatazama nje.

"Ngombe iko wapi?"

"Wamekwenda malishoni."

Akageuka, akanikagua uso kwa lile jicho jipya, kuanzia masikio mpaka kidevu.

"Na wewe," akasema, "nilifikiri uko na sura muzuri kidogo."

Kisha akafungua mkebe, akawageukia watu wa viti vya nyuma.