Ngozi ya Kenge

Jirani yangu ameanika ngozi ya kenge uani, na kwa harufu yake nimeshindwa kula.

Zamani baba alikuwa akimtengenezea dada yangu zeze, akaliwamba ngozi kama hiyo. Dada alikuwa amelazwa hospitali ya Mchukwi, na kila tukienda kumtazama aliuliza, "Baba, bado tu?"

Ngozi ya zeze hukaushwa kivulini, polepole. Lakini mama alimwona mwanawe anavyokwisha, akashindwa kungoja, akalianika zeze juani. Ngozi ikapasuka.

"Usilie, mama watoto," baba alimwambia. "Nakwenda kutafuta kenge mwingine."

Alirudi jioni na kenge begani, akakuta uani kumetandikwa mikeka na watu wamejiinamia. Aliketi, akatoa kisu, akaanza kuchuna. Hakuna aliyemzuia.